Dizeli ya hamira na magunzi: maneno ya mtaani na hesabu zake

Ukisema hamira inaweza kulishwa sukari ya magunzi ikatoa mafuta ya kutengenezea dizeli, mtaani utajibiwa mengi. "Si hamira ile ile ya mandazi?" Siyo. Hamira ya mandazi hujiwekea mafuta kidogo mno. Ikipata sukari huigeuza hewa na pombe. Zinazotafutwa ni ndugu zake wa mbali, kama Yarrowia lipolytica, Rhodotorula toruloides na Lipomyces starkeyi. Hamira huhesabiwa kuwa ya mafuta pale mafuta yanapozidi asilimia 20 ya uzito wake mkavu, na zipo zinazovuka 60. Hunenepeshwa kwa kunyimwa naitrojeni: isipopata ya kujengea protini haizaani tena, lakini sukari bado tele, basi huigeuza mafuta ikaweka akiba. Mpe mtu ugali mtupu kila siku, bila maharage wala dagaa, uone.

"Taka za mimea ni sukari ya bure." Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Sukari ya magunzi na mabua imefungiwa ndani ya selulosi na hemiselulosi, nyuzi za kuta za mmea, zikashikwa na lignini, gundi ya mmea, kama saruji inavyoshika kokoto. Hamira hizi haziwezi kuzivunja zenyewe. Lazima magunzi yapikwe kwanza kwa mvuke mkali au asidi hafifu, kisha yatiwe vimeng'enya vya kuzikata nyuzi hizo ziwe sukari, navyo vina bei. Mapishi hayo nayo huzaa kemikali kama furfurali na asidi ya siki, ambazo huidumaza hamira kabla haijaanza kazi.

Tupige hesabu ya haraka. Tuseme tani moja ya magunzi makavu imetoa kilo 500 za sukari. Kwa nadharia, kilo 100 za sukari haziwezi kutoa zaidi ya kilo 33 hivi za mafuta. Kwa vitendo, ukipata 20 umefanya vizuri. Kwa hiyo tani nzima inakupa kilo 100 za mafuta, yaani kama lita 110 za dizeli, kabla hujalipia umeme. Na hilo neno "bure" lenyewe lina walakini: kiwanda cha sukari cha TPC kule Moshi huchoma makapi ya miwa kupata mvuke na umeme, mabua huliwa na ng'ombe, na magunzi huishia jikoni.

"Ni kama kupika pombe tu." Pombe hufunikwa ikaachwa itulie. Hamira ya mafuta hutaka hewa ipulizwe na pipa likorogwe mchana na usiku, na bili ya umeme ndiyo hiyo.

Wanaosema ni mbono, ule mmea uliopigiwa debe kwamba mbegu zake zitatoa dizeli, umerudi kwa jina jipya wanakosea pia, maana hapa hapahitajiki shamba jipya.

"Yakikamuliwa, mimina kwenye tangi." Mafuta hayo ni mazito kama ya kupikia na yataziba nozeli. Huchanganywa na methanoli pamoja na kichocheo, mara nyingi magadi makali (kostiki soda). Hutoka dizeli, na gliserini kama sehemu moja ya kumi. Yakiwa na maji au asidi nyingi, badala ya dizeli utapata sabuni. Methanoli ndiyo ile ile inayopofusha watu ikiingia kwenye gongo, na nyingi hutengenezwa kwa gesi asilia. Kwa hiyo hata dizeli hii "ya mimea" ina tone la kisima cha gesi ndani yake.