Nanda Devi: binti anayesindikizwa peku hadi kwenye theluji

Kila ninapofundisha mila za Himalaya, wanafunzi huulizia miguu kwanza: kwa nini mtu apande mlima wa mawe na barafu bila viatu? Mimi huanzia kwenye ndoa.

Hija hii ni Nanda Devi Raj Jat, ya jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India. Kwa wanavijiji wa Garhwal na Kumaon, maeneo mawili ya jimbo hilo, Nanda ni mungu wa kike, na papo hapo ni binti yao aliyeolewa na Shiva, mungu mkuu wa Wahindu, huko juu kwenye theluji. Kila mwaka hurudi kwao, kisha husindikizwa tena ukweni. Safari hiyo ya kila mwaka huishia kwenye malisho ya Bedni Bugyal. Ile kubwa, Raj Jat, kwa desturi ni ya kila miaka 12, ingawa ilifanyika 1968, 1987, 2000 na 2014.

Huanzia kijiji cha Nauti, kilomita 280 hivi, karibu wiki tatu njiani. Anayetangulia ni kondoo dume mwenye pembe nne, kabebeshwa mifuko ya kitambaa yenye mapambo, nguo na vyakula, vile vitu binti hufungiwa akiondoka kwao. Wanawake humwimbia Nanda nyimbo za kuaga huku wakilia, na wengi wanalia ya kwao pia, maana nao waliozwa vijiji vya mbali. Kondoo huachiwa Homkund, mwisho wa safari, aendelee peke yake.

Wan ndicho kijiji cha mwisho. Kutoka hapo, kwa mila, ngozi ya mnyama hairuhusiwi, iwe mkanda au kiatu, na wengi huenda peku. Njia hupita Roopkund, ziwa lililo karibu mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, penye mifupa ya mamia ya watu. Utafiti wa vinasaba wa 2019 ulionyesha kwamba hawakufa siku moja: wapo wa karibu mwaka 800, na wengine, wenye asili ya mashariki ya Mediterania, wa karibu mwaka 1800. Kwa hiyo simulizi ya dhoruba moja iliyowaua wote haitoshi.

Ninachohofia sasa ni umati. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Uttarakhand ilikataza watalii kulala kwenye malisho ya juu kama Bedni Bugyal, kwa sababu udongo wake ni mwembamba na nyasi zikikanyagwa hazirudi upesi. Kwa maoni yangu, watazamaji waishie Wan. Wapande wanaomsindikiza binti yao, pamoja na miavuli yao mitakatifu ya mianzi.