Eti Louvre unaimaliza kwa siku moja?

Watu bado wanaambiana eti ukifika Paris ingia Louvre, lile jumba la makumbusho, asubuhi, jioni ushaimaliza. Wapi! Mle ndani kuna kazi za sanaa kama 35,000 zimewekwa, sasa piga hesabu, kila moja uipe sekunde 1 tu bila hata kutembea, hiyo ni karibu masaa 10, na siku za kawaida wanafungua saa 3 asubuhi wanafunga saa 12 jioni. We chagua sehemu moja au mbili basi, tiketi kata mapema mtandaoni. Mona Lisa yenyewe ni kapicha ka sentimita 77 kwa 53, utaona zaidi simu za watu. Na Jumanne usiende, wanafunga.