Thole: Kitenzi cha Kiskoti cha Kustahimili

Kiskoti, lugha ya nyanda za chini za Uskoti iliyo ndugu wa Kiingereza, kina kitenzi ambacho mimi, kama mtafiti wa misamiati, nakithamini kuliko vingine vyote: thole, kinachotamkwa kwa silabi moja, sauti yake ya mwanzo ikiwa ile ya neno thamani. Kiingereza cha Kale kilikuwa nacho katika umbo la þolian, lakini baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno yenye asili ya Kifaransa yalikisukuma pembeni polepole upande wa kusini. Kaskazini kilibaki, na walowezi wa Kiskoti wakakipeleka Ulster, kaskazini mwa Ireland, katika karne ya 17, ambako kinasikika hadi leo.

Mtu anayeumwa jino usiku, na daktari hapatikani mpaka asubuhi, huambiwa: "Ye'll jist hae tae thole it", yaani huna budi kustahimili. Msemaji hampuuzi mgonjwa. Anakubali kwamba maumivu ni ya kweli na kwamba kwa sasa hayana dawa.

Matumizi yanayonivutia zaidi yako mahakamani. Katika sheria ya Uskoti, mshtakiwa ambaye kesi yake imesikilizwa hadi mwisho husemwa kwamba "has tholed his assize", yaani ame-thole kesi yake, na kwa desturi hiyo hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Hapa uvumilivu wa moyoni hauhusiki hata kidogo, kwa sababu hata aliyeachiwa huru ame-thole: amelipitia jambo zito lililowekwa mbele yake mpaka likaisha, na naamini hicho ndicho kiini cha kitenzi chenyewe. Sheria ya mwaka 2011 iliruhusu kinga hiyo iondolewe katika hali maalumu, kwa mfano pakipatikana ushahidi mpya wenye nguvu. Ndivyo Angus Sinclair, ambaye kesi yake ya mauaji ya wasichana wawili yaliyotokea mwaka 1977 ilianguka mwaka 2007, alivyoshtakiwa upya na kutiwa hatiani mwaka 2014.

Kitenzi hiki kikikanushwa, maana hugeuka. Anayesema "I canna thole him", yaani siwezi kum-thole, hakiri kwamba ameshindwa na mzigo. Anatangaza chuki, kama Mswahili asemavyo: "Fulani sitaki hata kumwona."