Ukigongana Kariakoo, sema "pole" kisha toa simu

Ninakadiria hasara za bima za magari hapa Dar es Salaam. Mteja akija na ajali ya Kariakoo, swali langu la kwanza ni hili: "Picha ulipiga kabla au baada ya kusogeza gari?" Wengi huinamisha kichwa.

Nawaelewa. Pale daladala zinapiga honi nyuma yako, guta limekwama ubavuni, machinga aliyemwagiwa bidhaa naye anadai chake, na umati unapiga kelele: "Malizaneni bwana, mnaziba njia!" Dereva anasogeza gari, ushahidi unapotea.

Kuna faili nililoshika la Noah iliyomgonga bajaji kwa nyuma, karibu na Mtaa wa Kongo. Mwenye Noah alisema bajaji ilimwingilia ghafla katikati ya barabara. Picha zote zilipigwa vyombo vikiwa vimeshaegeshwa, isipokuwa moja ya abiria: vipande vyekundu vya taa vimetapakaa kwenye lami, kandokando ya mtaro wa kushoto. Taa ikivunjika, vipande huanguka jirani na palipogongwa. Kumbe bajaji ilikuwa pembeni, si katikati ya barabara. Bila picha ile, mwenye duka angefagia na habari ingeishia hapo.

Kwa hiyo washa taa za hatari, kisha piga picha kwa mbali mpaka barabara na maduka yaonekane, halafu kwa karibu: namba za magari, matairi yalivyoelekea, vipande chini. Dakika mbili zinatosha. Chukua na namba ya simu ya mtu mmoja au wawili walioona, maana umati ukitawanyika huwapati tena.

Kuhusu maneno, sisi tuna bahati ya neno "pole". Liseme, tena kwa moyo, kwani halimtii mtu hatiani. Lakini "kosa langu, nitalipa" usiseme, wala usitie saini kikaratasi chochote. Mikataba mingi ya bima inakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo kabla kampuni haijaridhia, na nimeona madai yakikwama kwa sababu ya karatasi ya daftari iliyoandikwa juu ya boneti.

Akiwepo aliyeumia, hayo yote yasubiri. Piga 112, mtu apelekwe hospitali, trafiki waitwe, na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ifuatiliwe kituoni mapema. Sheria inakutaka usimame. Ila ukiona watu wanataka kukupiga, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ujisalimishe.

Bima ya mwenzako usiiamini kwa maneno. Ingiza namba ya gari lake kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, uone kama iko hai. Na kumbuka, kama wewe una bima ndogo tu, inawalipa uliowaumiza au kuwaharibia mali. Gari lako utatengeneza mwenyewe, labda mwenzako awe ndiye mkosa na bima yake iwe hai.

Toa taarifa kwa kampuni yako siku hiyo hiyo. Fundi asiguse kitu kabla mkadiriaji hajafika, na bampa lililong'olewa liwekwe kwenye buti. Nitaomba kuliona.