Kura za Somaliland: yanayosemwa na yaliyopo

Nchi isiyo na kiti Umoja wa Mataifa itakuwaje na uchaguzi wa kweli? Swali hilo hurudi kila Somaliland, eneo lililojitangaza kuwa huru kutoka Somalia, inapopiga kura, na anayeuliza huwa amekwisha kujijibu kwamba ni maigizo tu ya kuomba kutambuliwa. Atazame uchaguzi wa rais wa mwaka 2003. Dahir Riyale Kahin alitangazwa kumshinda Ahmed Mohamed Silanyo kwa kura 80, kati ya kura karibu laki tano. Shauri lilifika mahakamani, na mwishowe Silanyo akakubali kushindwa. Mwaka 2010 wakapambana tena, Silanyo akashinda, na Riyale akamkabidhi madaraka. Novemba 2024 Rais Muse Bihi Abdi naye akaangushwa na Abdirahman Mohamed Abdullahi, maarufu kama Irro, aliyepata takriban asilimia 64. Zipo nchi nyingi zinazotambuliwa na dunia nzima ambazo hazijashuhudia rais aliye madarakani akiondolewa kwa kura.

Dhana kwamba watu hupigia kura ukoo wao tu ni ngumu kuing'oa, kwa sababu ina chembe ya ukweli. Wazee hukaa, hujadiliana, hutoa msimamo, na vyama huteua wagombea kwa hesabu hiyo. Lakini hakuna ukoo unaoweza kushinda peke yake, na Katiba inaruhusu vyama vitatu tu vya kitaifa. Kila chama hulazimika kutafuta washirika, na washirika wa leo waweza kuwa wapinzani uchaguzi ujao. Riyale mwenyewe ni wa ukoo wa Gadabursi, ilhali wapigakura wengi ni wa ukoo wa Isaaq, kama alivyokuwa Silanyo. Kwa hesabu ya ukoo mtupu, mwaka 2003 asingefua dafu.

Wapo pia wanaochukua matokeo haya na kudai kwamba kila mtu ndani ya mipaka hiyo anataka kujitenga na Somalia. Hilo nalipinga kwa nguvu ileile. Kura ya maoni ya katiba ya mwaka 2001 ilitangazwa kupita kwa asilimia 97, lakini upande wa mashariki, hasa mkoa wa Sool, waliojitokeza walikuwa wachache. Asilimia ile ni ya waliofika kituoni; aliyebaki nyumbani kwa kukataa hamo. Mwaka 2023 vita vilizuka Las Anod, mji mkuu wa Sool, na Agosti majeshi ya Somaliland yakafurushwa na wapiganaji wa huko. Uchaguzi wa 2024 ulipofika, mji huo haukupiga kura.

Wala sifa za uchaguzi zisifunike kasoro zake. Uchaguzi huo wa 2024 ulipaswa kufanyika 2022. Wabunge waliochaguliwa 2005 walikalia viti hadi 2021. Na mwaka huo, katika viti 82, hakuna mwanamke hata mmoja aliyeshinda, ingawa walikuwapo waliogombea. Hapo ndipo ukoo huumiza zaidi: mwanamke aliyeolewa huonekana yuko kati ya ukoo wa baba yake na wa mumewe, na wazee wa pande zote mbili husita kumpa kura zao.