"Borrow me your pen": jamani, hapana

Leo tena mwanafunzi kaninyooshea mkono, "Ticha, borrow me your pen." Nikampa maana zoezi lilikuwa linaanza, ila hii naisikia kila wiki, acha niiandike.

Watu wanaamini borrow na lend zote ni kuazima, kwa hiyo tumia yoyote. Si kweli! Borrow ni kuchukua, lend ni kutoa. Kosa linaanzia kwenye Kiswahili chetu, maana kuazima kunaenda pande zote mbili: nimeazima jembe kwa jirani, jirani kaniazima jembe. Hata "naomba niazime kalamu", ile ni- inaweza kuwa mimi ndo nachukua au wewe ndo unanipa, na tunaelewana vizuri tu. Wajerumani nao wana leihen yao ya hivyo hivyo na wanakosea kama sisi. Kiingereza ukikosea hapo umegeuza habari nzima. Mweka hazina wa kikundi kimoja kaniletea ripoti niipitie, kaandika "We borrowed 3 million to members", yeye alitaka kusema wamewakopesha wanachama, sasa mfadhili akiona ile borrowed si atajua kikundi ndo kina deni?

Dawa yangu ni moja na nairudia kila darasa: toa kuazima, weka kukopa. Ikikaa kopa andika borrow, ikitaka kopesha andika lend. "Nikopeshe kalamu" ni "lend me your pen", "naweza kukopa kalamu yako" ni "can I borrow your pen". Ukisikia -esha ujue ni lend, basi. Halafu unaborrow kitu from mtu, unalend kitu to mtu, hivyo vihusishi msivichanganye.

Kuna wanaosema borrow ni ya vitabu na lend ni ya hela. Hapana, benki inalend hela na maktaba inalend vitabu, sisi wateja tunaborrow vyote.

Mwingine kaniambia mbona Wamarekani wanasema "borrow me". Wapo, huko Minnesota na Wisconsin utawasikia, lakini ni lugha ya mtaani kwao, kwenye mtihani au barua ya kazi usiipeleke.

Loan kama kitenzi sio kosa, Marekani wanaitumia sana, Uingereza wengi wanapenda lend. Na lended haipo, ni lent.