Alikuwa vitani, au alikuwa jeshini wakati wa vita?

"Shikamoo mjomba. Huyu Walz alipigana au hakupigana? Huku tunabishana tangu asubuhi."

Ujumbe huo uliniingia Agosti 2024, kutoka kwa mpwa wangu aliyeko Dodoma, siku chache baada ya Kamala Harris kumtangaza Tim Walz, gavana wa Minnesota, kuwa mgombea mwenza wake. Aliniuliza mimi kwa sababu anajua nilivaa sare za jeshi la nchi kavu la Marekani kwa miaka minane, na kazi yangu ilikuwa mafaili. Nilikuwa karani wa kumbukumbu za askari. Nimeandaa karatasi za kuagana na jeshi za watu wengi, na hadi leo namba za visanduku vya fomu ile ziko kichwani mwangu.

Sikumjibu ndiyo wala hapana. Nilimuuliza: mgombea mwenyewe amesema nini, kwa maneno yapi? Kwa maana ubishi wa namna hii karibu kila mara unakaa ndani ya neno moja dogo. Wazee wetu wanaujua mpaka huo vizuri. Mtu aliyekuwa JKT Ruvu mwaka 1979 na mtu aliyevuka Mutukula mwaka huohuo wote walivaa sare wakati wa Vita vya Kagera, na wote walilitumikia taifa. Lakini yule wa Ruvu akisimama jukwaani na kusema "nilipokuwa Kagera", wenzake watainuka vitini.

Marekani karatasi ya kwanza kutazamwa inaitwa DD-214. Hutolewa askari anapomaliza utumishi wa muda wote, na imekuwapo tangu 1950. Kisanduku cha 12 kina tarehe: aliingia lini, alitoka lini, alikaa nje ya nchi muda gani. Cha 13 kina nishani. Cha 14 kina kozi. Cha 18 kina maelezo ya ziada, na mara nyingi hapo ndipo huandikwa alipelekwa nchi gani na kwa siku zipi. Wasomaji wengi hukimbilia kisanduku cha 13 wakahesabu nishani kama wanahesabu mabao. Mimi huanza na cha 12, kisha nikasoma nishani kwa kuzilinganisha na tarehe zile.

Nishani zenyewe zina lugha yake. Aliyekuwa jeshini katika miaka ya Vietnam alipewa nishani ya utumishi wa ulinzi wa taifa, hata kama hakuvuka mpaka wa Marekani. Lakini nishani ya utumishi wa Vietnam ilikuwa ya waliokuwa kwenye eneo lile la vita: nchi kavu, majini au angani. Kwa karani hizo ni nishani mbili zenye majina yanayofanana kidogo. Kwa mgombea, ndiyo tofauti kati ya "wakati wa" na "katika".

Richard Blumenthal aliangukia hapohapo. Mwaka 2010, akiwa mwanasheria mkuu wa Connecticut na mgombea wa Seneti, gazeti la New York Times lilitoa habari kwamba alikuwa amewahi kusema hadharani alitumikia Vietnam. Ukweli ni kwamba aliahirishiwa wito wa jeshi mara tano, kisha mwaka 1970 akajiunga na askari wa akiba wa Marine (tawi mojawapo la jeshi la Marekani), na hakupelekwa vitani. Kinachonivutia ni hotuba yake ya 2008 mjini Norwalk. Mwanzoni alisema sawasawa kabisa, kwamba alitumikia katika kipindi cha Vietnam. Baadaye, kwenye hotuba ileile, akasema "tangu siku nilizotumikia Vietnam". Alisema alikosea maneno, na wapiga kura wakamchagua. Mwaka huohuo Mark Kirk wa Illinois, naye mgombea wa Seneti, alikuwa amejitangaza kuwa afisa wa ujasusi wa mwaka wa jeshi la wanamaji, kumbe tuzo aliyoitaja ilikwenda kwa kikosi kizima. Naye alishinda.

Sasa Walz. Alitumikia Walinzi wa Taifa miaka 24, akaanza Nebraska mwaka 1981 na kumalizia Minnesota. Watu wa kwetu huuliza hawa Walinzi ni jeshi kweli au mgambo. Ni jeshi kamili, lakini kwa kawaida wanatumikia kwa muda, huku wakiwa na kazi zao za kiraia; yeye alikuwa mwalimu wa shule. Kwa sababu hiyo kumbukumbu zao hazikai mahali pamoja. Wana fomu yao ya kuagana, NGB-22, na DD-214 hupewa kwa vile vipindi vya kuitwa kazini kwa muda wote. Nimeona watu mtandaoni wakidai mtu fulani ni mwongo kwa kuwa DD-214 yake inaonyesha miezi michache tu. Walikuwa wameshika karatasi ya kweli wasiyojua inahesabu nini.

Lawama juu yake zilikuwa tatu, na kila moja inastahili jibu lake. Ya kwanza ni cheo. Aliwahi kweli kushika nafasi ya sajini meja wa kikosi, kati ya vyeo vya juu kabisa kwa askari wasio maafisa. Lakini alipewa kwa sharti la kumaliza masomo ya chuo cha masajini meja. Hakuyamaliza kabla ya kustaafu, kwa hiyo akastaafu akiwa sajini mkuu, ngazi moja chini. "Alitumikia kama sajini meja wa kikosi" ni kweli. "Sajini meja wa kikosi mstaafu" si kweli, na timu ya kampeni ilibadilisha maneno hayo kwenye tovuti yake. Hapa sina huruma sana: kila askari anayestaafu anajua cheo alichoondoka nacho.

Ya pili ni kwamba aliwakimbia wenzake walipoitwa Iraq. Panga tarehe. Februari 2005 aliwasilisha karatasi za kugombea Bunge. Machi Walinzi walitangaza kwamba huenda baadhi ya vikosi vikaitwa ndani ya miaka miwili. Mei akastaafu. Julai kikosi chake kikapata amri ya kujiandaa, na Machi 2006 kikaondoka. Kwa hiyo alistaafu kabla ya amri, huku fununu zikiwa zimeshasikika. Kumbukumbu zinakufikisha hapo. Kilichokuwa moyoni mwake hakina kisanduku kwenye fomu yoyote, na waliotumikia naye wenyewe hawakubaliani.

Ya tatu ndiyo ninayoiona nzito zaidi. Mwaka 2018, akizungumzia udhibiti wa bunduki, alisema habari ya silaha "nilizobeba vitani". Mwaka 2003 alipelekwa Italia kuunga mkono operesheni za Afghanistan, lakini hakuwahi kuwa kwenye mapigano. Kampeni ilikiri kwamba alikosea kusema. Mshindani wake, JD Vance, alikuwa Marine aliyepelekwa Iraq kwa takriban miezi sita kuanzia 2005, kama mwandishi wa habari wa kijeshi. Alikuwa Iraq, na kazi yake ilikuwa kuandika. Nilimpa mpwa wangu yote hayo. Akajibu, "Mjomba, hapa kijiweni wanataka jibu la neno moja."

Kesi ninayoirudia mara nyingi kuliko zote ni ya 2004, kwa sababu mwaka ule wagombea wote wawili wa urais walipekuliwa, na makosa yalifanywa pande zote.

John Kerry aliongoza boti ndogo za doria kwenye mito ya Vietnam. Alirudi na Silver Star na Bronze Star, nishani za ushujaa, na Purple Heart tatu, ambazo hupewa waliojeruhiwa vitani. Kikundi cha maveterani wa boti hizo kikatokea kusema nishani zile hazikustahili. Wengi wao hawakuwahi kupanda boti moja na Kerry. Kati ya mabaharia waliokuwa chini yake, mmoja tu alijiunga nao. Ubishi mkubwa ulihusu tarehe 13 Machi 1969, siku Kerry alipomvuta kutoka mtoni askari wa kikosi maalumu aitwaye Jim Rassmann. Rassmann mwenyewe alisema risasi zilikuwa zikinyesha. Larry Thurlow, aliyeongoza boti nyingine siku hiyo, alikula kiapo kwamba hapakuwa na risasi za adui.

Ndipo Washington Post wakafanya jambo ambalo karani yeyote angeshauri: wakaomba kumbukumbu za Thurlow mwenyewe, kwa kutumia Sheria ya Uhuru wa Habari. Naye alipewa Bronze Star kwa tukio la siku ileile, na maelezo ya nishani yake yalitaja silaha ndogondogo na bunduki za rashasha za adui zikielekezwa kwa boti zote. Thurlow akajibu kwamba maelezo hayo lazima yalitokana na ripoti ya Kerry. Jibu hilo nalipa uzito wake, kwa sababu maelezo ya nishani kweli huandikwa kutokana na ripoti ya mtu, na makarani kama mimi hatukuwa mtoni. Lakini mtu anayesema hati ya mwenzake ni ya uongo anapaswa kueleza kwa nini ya kwake, ya saa ileile, inasema hivyohivyo. Septemba 2004 mkaguzi mkuu wa jeshi la wanamaji alihitimisha kwamba nishani za Kerry zilipitishwa kwa utaratibu unaotakiwa.

Kerry naye alijiumiza. Kwa miaka alisimulia kwamba Krismasi ya 1968 alikuwa ndani ya Kambodia, hadi kampeni yake ikalazimika kurudi nyuma na kusema alikuwa karibu na mpaka. Na hakuridhia faili lake lote litolewe hadi Mei 2005, uchaguzi ukiwa umeshapita. Lilipotoka, wapekuzi hawakukuta siri yoyote kubwa. Bado naumia nikifikiria miezi ile.

Upande wa pili, George W. Bush alikuwa rubani wa ndege ya kivita F-102 katika Walinzi wa Anga wa Texas tangu 1968. Maswali yalikuwa halali: aliruka mara ya mwisho Aprili 1972, hakufanya uchunguzi wa afya, na Agosti akasimamishwa kuruka. Kumbukumbu halisi zilitosha kuuliza hayo. Lakini Septemba 2004 televisheni ya CBS ikarusha hati zilizodaiwa kuandikwa na kamanda wake, Luteni Kanali Jerry Killian, aliyefariki 1984. Zilikuwa nakala za nakala. Herufi zake zilifanana na za kompyuta, pamoja na vile viherufi vidogo vilivyopandishwa juu kando ya namba. Hati moja ya Agosti 1973 ilimtaja afisa mmoja kuwa anashinikiza mambo, wakati afisa huyo alikuwa amestaafu tangu Machi 1972. CBS iliomba radhi, na wafanyakazi wake wanne wakapoteza kazi. Tangu hapo maswali halali juu ya Bush yakazikwa pamoja na hati zile.

Hati kukosekana nayo ina maana yake, na si ile watu wanayodhani. Tarehe 12 Julai 1973 ghala la kumbukumbu karibu na St. Louis liliwaka moto, na mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea, yakiwemo takriban asilimia 80 ya mafaili ya jeshi la nchi kavu ya walioachana nalo kati ya 1912 na 1960. Hapakuwa na nakala. Na hata faili lililosalimika lina makosa. DD-214 yangu mwenyewe ilitoka bila nishani moja, mimi niliyezitengeneza za wengine, na nilisubiri muda mrefu kupata fomu ya masahihisho, DD-215. Kwa hiyo nishani ikikosekana kwenye karatasi ya mgombea, mimi huuliza kwanza kama kuna masahihisho.

Sheria inaruhusu mtu yeyote kuomba mambo kadhaa: tarehe za utumishi, cheo, vituo, nishani, mafunzo. Habari za matibabu na namba ya hifadhi ya jamii hazitolewi bila ridhaa ya mwenyewe. Mpaka huo umevunjwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2022 faili la mgombea wa Bunge huko Indiana, afisa wa Jeshi la Anga, lilitolewa bila idhini yake, na ndani yake mlikuwa na habari ya kushambuliwa kwake kingono akiwa kazini. Uchunguzi wa jeshi ukakuta watu 11 waliotendewa hivyohivyo. Mwaka 2025 faili la Mikie Sherrill, rubani wa zamani wa helikopta za jeshi la wanamaji aliyekuwa akigombea ugavana wa New Jersey, lilitolewa na hifadhi ya taifa karibu lote, namba yake ya hifadhi ya jamii ikiwa wazi. Hifadhi ikamwandikia barua ya kuomba radhi.

Nimewahi kuwa mtu wa mwisho kufunga faili kabla halijaondoka ofisini. Kazi ya kufuta mistari ile kwa wino mweusi huchukua dakika chache kwa ukurasa.